Namna ya Kutumia Likizo Ndefu Kujiandaa kwa Mwaka wa Kwanza wa Chuo

Kila mwaka, mara tu majina ya waliodahiliwa yanapotoka, maswali huwa yale yale. Je, nianze kusoma vitabu vya mwaka wa kwanza sasa hivi? Ninunue kompyuta ya aina gani? Hisabati niliyoisahau itaniangusha? Mwongozo huu unayajibu maswali hayo kwa mpangilio, ili wewe uliyemaliza sekondari ujue uanzie wapi na uache nini.

Ushauri wangu mkuu ni kwamba muda huu utumike kuziba mapengo ya sekondari na kuzoea kujisimamia, wala usitumike kukimbilia masomo ya chuo kabla hayajaanza. Mhadhiri atakufundisha yaliyo mapya. Hatarudi nyuma kukufundisha sehemu, vipeo, au namna ya kuandika aya inayoeleweka, kwa sababu anaamini umekuja nayo, na wengi wanaoyumba katika wiki za mwanzo huyumba kwa mambo hayo ya msingi.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Barua ya udahili pamoja na maelekezo yote ya kujiunga.
- Orodha ya kozi za muhula wa kwanza, na muhtasari wa kila kozi kama umekwisha kutolewa.
- Madaftari na karatasi zako za mitihani ya sekondari, hasa zile zilizosahihishwa na mwalimu.
- Daftari moja jipya, kalamu, na karatasi ngumu za kukata kadi.
- Kalenda, iwe ya ukutani au ya simu.
- Anwani ya barua pepe yenye jina lako halisi.
- Njia ya kufikia intaneti, hata kama ni mara chache kwa wiki.
- Saa mbili kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa muda wa wiki sita hadi nane. Ukiwa unafanya kazi ya kujipatia kipato, saa moja kila siku inatosha, ilimradi isiahirishwe.

Hatua ya 1: Soma barua ya udahili ukiwa na kalamu mkononi

Isome mara mbili. Katika usomaji wa kwanza, pigia mstari kila tarehe. Katika wa pili, pigia mstari kila kitu unachotakiwa kuwasilisha, kulipa au kuthibitisha. Kisha hamishia tarehe zote kwenye kalenda na ujiwekee ukumbusho wiki moja kabla ya kila tarehe ya mwisho, kwa kuwa cheti kinachohitaji muhuri, picha au saini ya mtu mwingine hakipatikani kwa siku moja.

Tahadhari: msimu wa udahili ni msimu wa matapeli pia. Ukipigiwa simu na mtu anayedai kuwa ni ofisa wa chuo na kukutaka ulipe haraka kupitia akaunti au namba ya simu ya mtu binafsi, kata simu, kisha uliza chuo kwa namba iliyoandikwa kwenye tovuti yake rasmi. Usimpe mtu yeyote nywila yako ya mfumo wa udahili, hata kama anasema anataka kukusaidia kuthibitisha nafasi yako.

Hatua ya 2: Fahamu mzigo wa saa unaokungoja

Mwanafunzi mpya hutazama ratiba, akaona vipindi vichache kuliko vya sekondari, akadhani ana muda mwingi. Ratiba huonyesha sehemu ndogo tu ya kazi. Katika vyuo vya Marekani, kipimo cha kawaida ni kwamba kila saa moja ya darasani kwa wiki huambatana na saa mbili za kujisomea, hivyo mwenye saa 15 za darasani ana kazi ya saa 45 kwa jumla. Katika mfumo wa Ulaya, mwaka mmoja wa masomo una krediti 60, na kila krediti hukadiriwa kuwa kazi ya saa 25 hadi 30, yaani saa 1,500 hadi 1,800 kwa mwaka. Chuo chako kinaweza kuhesabu kwa namna nyingine, lakini uwiano hautakuwa mbali sana.

Chukua karatasi uandike hesabu yako mwenyewe. Wiki ina saa 168. Ondoa saa 56 za kulala, kwa saa nane kila usiku, zinabaki 112. Ondoa saa za masomo, za kula na kuoga, za safari, za ibada, za kazi kama unayo. Kinachobaki ndicho muda wako wa hiari, na ni vema ukakiona kwa macho sasa kuliko kukigundua katikati ya muhula.

Hatua ya 3: Jipime bila msaada

Chagua mtihani mmoja wa zamani wa sekondari katika kila somo ambalo kozi zako za chuo zinalitegemea. Ufanye kwa muda uleule uliopangwa, bila daftari, bila simu, na bila kumuuliza mtu. Sahihisha, halafu tenga makosa katika mafungu matatu: uliyosahau, ambayo hukuwahi kuyaelewa, na ya kutokuwa makini. Fungu la pili ndilo la kushughulikiwa kwanza. La kwanza hurudi kwa mazoezi machache, na la tatu hupungua lenyewe unapozoea kukagua kazi yako.

Watu wengi huiruka hatua hii kwa sababu inatia aibu kidogo, kisha hutumia likizo nzima wakirudia mada wanazozipenda na kuziweza.

Hatua ya 4: Ziba mapengo, ukianza na hisabati ikiwa kozi yako inaitumia

Uhandisi, uchumi, sayansi, afya, kompyuta, biashara, hata saikolojia na sosholojia kwa upande wa takwimu, zote zinahitaji hisabati ya msingi iwe nyepesi mkononi. Mada zinazoangusha watu ni chache na zinajulikana: kujumlisha na kugawanya sehemu, kanuni za vipeo na logi, kuitenganisha herufi moja ibaki peke yake upande mmoja wa mlinganyo, uwiano na asilimia, kusoma grafu, na kubadilisha vizio vya vipimo.

Chukua mfano wa kosa ambalo wahadhiri hukutana nalo kila mwaka. Mwanafunzi anapewa (a + b)² naye anaandika a² + b². Njia rahisi ya kujikamata ni kuweka namba mahali pa herufi. Weka 3 na 4: upande wa kushoto unapata 7², yaani 49, upande wa kulia unapata 9 + 16, yaani 25. Pengo la 24 ndilo ile 2ab iliyosahaulika, kwa kuwa 2 × 3 × 4 ni 24. Vivyo hivyo kwa anayedhani kwamba 1/a + 1/b ni sawa na 1/(a + b): weka 2 kwa kila herufi, na utaona nusu mbili, ambazo ni 1, zikigeuka kuwa robo. Jizoeze kufanya jaribio hili kila unapotilia shaka mstari wa hesabu. Linachukua sekunde chache, na katika mtihani huokoa alama.

Fanya maswali kumi hadi kumi na tano ya mada moja kwa siku. Kesho yake rudia matatu ya jana kabla ya kuanza mada mpya. Baada ya siku tatu rudia mawili, na baada ya wiki moja mawili mengine. Nyenzo za bure zipo nyingi: Khan Academy ina masomo na mazoezi ya hisabati kuanzia ngazi ya chini kabisa, OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice hutoa vitabu vya kiada vya kupakua bila malipo, na MIT, chuo kikuu cha Marekani ambacho kilitangaza mpango wake wa OpenCourseWare mwaka 2001, kimeweka mtandaoni mihadhara na mitihani ya kozi zake. Hizo za MIT zitazame ili kuona kozi ya chuo inavyokwenda, lakini usijilazimishe kuzimaliza.

Tahadhari: kumtazama mtu akikokotoa kwenye video si kukokotoa. Isimamishe video kabla ya jibu, andika hatua zako, kisha endelea ulinganishe.

Kama kozi yako haitumii hisabati, muda huu uhamishie kwenye lugha ya kufundishia. Ikiwa utafundishwa kwa lugha ambayo huiongei nyumbani, soma kurasa chache kila siku kwa lugha hiyo, na ujue kwa hakika maana ya vitenzi vya maswali ya mtihani, yaani eleza, linganisha, jadili, tathmini. Aliyeambiwa atathmini akaishia kueleza hupoteza alama hata kama kila alichoandika ni kweli.

Hatua ya 5: Jifunze kusoma maandishi marefu na kuyakumbuka

Chuoni unaweza kupewa sura mbili na makala moja kwa wiki katika kozi moja tu. Kusoma neno kwa neno tangu mwanzo hadi mwisho, ukipaka rangi kila sentensi, hakutakufikisha. Fanya hivi kwa sura moja ya kitabu chochote kizito:

Kwanza, soma kichwa, vichwa vidogo, utangulizi na hitimisho, kisha andika swali moja ambalo unadhani sura hiyo inalijibu. Pili, soma sehemu moja, funga kitabu, na uandike kwa maneno yako kile ulichokielewa. Tatu, fungua kitabu ujisahihishe. Nenda sehemu inayofuata.

Kule kufunga kitabu ndiko kunakofanya kazi kubwa. Mwaka 2006, watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha majaribio ambamo wanafunzi waliosoma tena na tena walifanya vizuri zaidi walipopimwa baada ya dakika tano, lakini baada ya siku mbili, na hata baada ya wiki, waliojipima kwa kukumbuka ndio waliowashinda. Mtihani wa chuo hauji baada ya dakika tano.

Kwa kuandika dondoo, jaribu mpangilio uliobuniwa na Walter Pauk wa Chuo Kikuu cha Cornell. Chora mstari wima takriban sentimita sita kutoka ukingo wa kushoto wa ukurasa, na mstari mlalo takriban sentimita tano kutoka chini. Upande mpana wa kulia ni wa dondoo za mhadhara. Upande mwembamba wa kushoto acha wazi mpaka jioni, ndipo uandike maswali ambayo dondoo hizo zinayajibu. Sehemu ya chini ni ya muhtasari wa sentensi mbili au tatu. Ukitaka kurudia, funika upande wa kulia kwa karatasi na ujibu maswali ya kushoto kwa sauti. Fanyia mazoezi mihadhara ya mtandaoni mara mbili kwa wiki, bila kuisimamisha, kwa maana mhadhiri wa darasani hasimami kukungoja.

Kadi nazo ni kwa ajili ya mambo madogo yanayohitaji kukaa kichwani: istilahi, kanuni, tarehe. Kadi moja, swali moja. Kadi iliyoandikwa "Eleza yote kuhusu seli" haina faida, iliyoandikwa "Ukuta wa seli hupatikana kwa mimea au kwa wanyama?" inajibika kwa pumzi moja.

Hatua ya 6: Andika ukurasa mmoja kila wiki

Chagua makala moja yenye hoja. Katika aya ya kwanza, eleza mwandishi anadai nini. Katika ya pili, anatumia ushahidi gani. Katika ya tatu, sema kama umeshawishika na kwa nini. Uache ukurasa huo usiku mmoja, kisha uusome kwa sauti. Penye sentensi inayokukata pumzi, pakate sentensi.

Wakati huohuo zoea kutaja chanzo. Kila ukitumia wazo la mtu, andika jina lake, mwaka, jina la kazi na ukurasa, hata katika daftari la mazoezi. Mitindo ya marejeo, kama vile APA, MLA na Chicago, hutofautiana kwa mpangilio tu, na idara yako itakuambia inatumia upi. Hakuna haja ya kuikariri sasa.

Tahadhari: kubadilisha maneno mawili matatu katika sentensi ya mwenzako na kuiweka kama yako ni wizi wa kitaaluma, na vyuo huuadhibu vikali. Kuhusu programu za akili mnemba, kila chuo, na wakati mwingine kila mhadhiri, ana kanuni zake, kwa hiyo zisome kabla ya kukabidhi kazi ya kwanza. Katika likizo hii andika mwenyewe, hata kama matokeo hayapendezi, kwa kuwa mazoezi ndiyo unayoyatafuta.

Hatua ya 7: Weka sawa kompyuta, vidole na nakala za akiba

Usinunue kompyuta kabla ya kusoma mahitaji ya kitivo chako. Usanifu majengo na uhandisi huweza kuhitaji programu nzito zinazofanya kazi kwenye mfumo mmoja tu wa kompyuta, ilhali mwanafunzi wa sheria au lugha anaweza kumaliza masomo yake kwa mashine ya kawaida, hata iliyokwisha kutumika, mradi betri yake ni nzima na kibodi haina vitufe vilivyokufa.

Jifunze kuchapa bila kutazama vidole. Papasa kibodi uone vitufe vya F na J vina kinundu kidogo kilichoinuka: hapo ndipo vidole vya shahada huanzia na kurudia. Dakika ishirini kila siku kwa wiki chache zinatosha kukuondoa kwenye kuchapa kwa vidole viwili, na utaona tofauti unapoandika insha ndefu usiku mmoja kabla ya kuikabidhi. Ongeza na matumizi ya msingi ya lahajedwali, yaani kujumlisha, kutafuta wastani, kupanga orodha na kuchora grafu.

Tengeneza folda moja ya kila kozi, na yape mafaili majina yanayoanza na tarehe. Kila kazi iwe na nakala mahali pawili zaidi ya kompyuta yenyewe, kwa mfano kwenye diski ya nje na kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kompyuta huibwa, huanguka, hulowa maji.

Hatua ya 8: Jifunze kuuliza kwa maandishi

Wengi huogopa kumwandikia mhadhiri, au huandika kama wanavyomwandikia rafiki. Barua pepe nzuri ni fupi, inamtambulisha mwandishi, inaonyesha kwamba ametafuta jibu mwenyewe kwanza, na inauliza jambo moja. Mfano:

*Mada: Toleo la kitabu cha kozi ya Takwimu, muhula wa kwanza*

*Kwa Mhadhiri wa kozi ya Takwimu,*

*Ninaitwa (jina kamili), mwanafunzi mpya wa programu ya Uchumi, namba ya udahili (namba). Nimesoma muhtasari wa kozi uliopo kwenye tovuti ya idara, lakini sijaona toleo la kitabu cha kiada linalotakiwa. Ninaomba kujua kama toleo lililotangulia linaweza kutumika.*

*Natanguliza shukrani.*

Mpaka upate jibu, usinunue kitabu. Kununua orodha nzima ya vitabu kabla ya mhadhara wa kwanza ni kosa la gharama kubwa, maana baadhi vinapatikana maktaba, na vingine mhadhiri hutumia sura moja tu.

Hatua ya 9: Fedha, afya na kazi za nyumbani

Andika mapato yote ya muhula, yaani mkopo, ufadhili na msaada wa familia, kisha uondoe ada na malazi. Kinachobaki kigawe kwa idadi ya wiki za muhula, na ujizoeze kuishi kwa kiwango hicho wiki mbili ukiwa bado nyumbani. Fedha za muhula hupokewa kwa mkupuo, na mkupuo hudanganya macho.

Pima macho, maliza matibabu ya meno, kamilisha chanjo ambazo chuo kinazitaka, na ubebe cheti chake. Kama unatumia dawa kila siku, ulizia utaipata wapi karibu na chuo. Jua kufua, kupika milo michache, na kushona kifungo.

Hatua ya 10: Wiki mbili za mwisho

Punguza masomo, rekebisha usingizi. Kama umezoea kuamka saa nne asubuhi na vipindi vitaanza saa mbili, sogeza muda wa kuamka nyuma kwa dakika 15 hadi 30 kila siku, na usogeze muda wa kulala vilevile. Andaa jalada la nyaraka halisi na nakala zake, kila moja katika mfuko wake. Ikiwezekana, fika chuoni siku moja au mbili kabla, utembee kutoka malazi hadi kumbi za mihadhara kwa miguu, ukiwa na ratiba mkononi na saa ya kupima muda.

Ukikwama

*Majibu ya udahili yamechelewa.* Fanya hatua ya 3 hadi ya 7. Hazitegemei chuo kipi.

*Huna kompyuta.* Mazoezi ya hisabati, dondoo, kadi na ukurasa wa kila wiki vyote hufanyika kwa karatasi. Kwa kuchapa, tafuta maktaba ya umma au ndugu mwenye kompyuta, na uulizie mapema kama chuo kina maabara za kompyuta zilizo wazi jioni.

*Unaanza vizuri, baada ya siku nne unaacha.* Mara nyingi lengo ni kubwa mno au saa haijulikani. Punguza hadi dakika 30, uziweke mara tu baada ya jambo unalolifanya kila siku bila kukosa, na simu ikae chumba kingine. Ongeza dakika pale tu wiki nzima itakapopita bila kuruka siku.

*Mtihani wa kujipima umeonyesha kwamba hujui karibu chochote.* Shuka ngazi moja, hata mbili, hadi mahali unapopata maswali saba kati ya kumi, uanzie hapo. Uliza pia kama chuo kina kozi ya awali au ya kuimarisha somo hilo, na ujiandikishe kabla nafasi hazijajaa.

*Umepangiwa programu ambayo hukuitaka.* Soma kanuni za uhamisho wa ndani kabla ya kusafiri: tarehe ya mwisho ya kuomba, alama zinazotakiwa, na nani anayesaini fomu. Katika vyuo vingi dirisha hilo hufungwa mapema baada ya muhula kuanza. Wakati unasubiri, hudhuria kozi zote ulizosajiliwa, kwa kuwa ombi likikataliwa hutakuwa umepoteza wiki za mwanzo.

*Zimebaki wiki mbili tu.* Acha kadi na kuchapa. Fanya hatua ya 1 leo, jipime kesho, tumia siku nane kwa mada tatu zilizokuangusha zaidi, na siku za mwisho ziwe za usingizi na nyaraka.